Jino la Mbele Baada ya Tiba ya Mzizi: Maumivu, Uponaji na Haki za Mlaji



Somo hili ni kwa ajili yako wewe uliyetibiwa mzizi wa jino la mbele, au unayejiandaa kutibiwa, na kwa ajili ya jamaa watakaokuuguza nyumbani. Tumelielekeza hasa kwa wakazi wa Jiji la Arusha na wa maeneo yanayouzunguka Mlima Meru, kwa sababu mbili. Kwanza, mkazi wa Ngarenanyuki au Oldonyo Sambu aghalabu hana daktari wa meno jirani. Akishatibiwa mjini hurejea nyumbani, na maumivu yanapoanza usiku hana wa kumwuliza. Pili, maji ya sehemu nyingi za eneo hili yana madini ya floraidi kwa wingi, na madini hayo hugusa rangi na uimara wa meno, hivyo huingia katika hesabu ya tiba yenyewe.

Yapo makosa matatu yanayoweza kumgharimu mgonjwa jino lake, na pengine afya yake. La kwanza ni kuyachukua maumivu ya kawaida ya siku mbili tatu kuwa ushahidi kwamba tiba imeharibika, kisha kwenda kung'oa jino ambalo lingepona. La pili ni kinyume chake, yaani kuvumilia uvimbe unaopanda kuelekea jichoni kwa kudhani kwamba nao ni maumivu ya kawaida. La tatu ni kuacha kurudi kliniki mara maumivu yanapokoma, hali tiba ingali nusu. Lengo letu ni kwamba ukimaliza kusoma uweze kuyatenganisha mambo haya, na ujue la kufanya kwa kila moja.

1. Kwa nini jino la mbele hufikia kutibiwa mzizi

Ndani ya kila jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na neva. Kiini hicho hukaa katika chumba kidogo na kushuka ndani ya mzizi kupitia mfereji mwembamba. Vijidudu vikikifikia, kiini huvimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Hapo ndipo hutokea maumivu makali ya usiku. Kiini kikifa, usaha huweza kukusanyika kwenye ncha ya mzizi ndani ya mfupa.

Meno ya nyuma hufikwa na haya zaidi kwa kuoza. Meno ya mbele huoza pia, lakini yana adui mwingine, nalo ni pigo. Ajali ya pikipiki, kuanguka ngazini, kiwiko katika mchezo wa mpira, au kufungua chupa ya soda kwa meno huweza kukata mishipa inayoingia kwenye ncha ya mzizi. Jino lililopigwa huweza kukaa miezi, hata miaka, bila kuuma, huku likigeuka rangi taratibu na kuwa la kijivu. Ukiona jino moja tu la mbele limekuwa jeusi kuliko wenzake, usisubiri liume. Mwone daktari wa meno.

Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba jino linalouma lina mdudu ndani yake. Hakuna mnyoo wala funza anayekaa kwenye jino. Kinachooza jino ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza asidi kutokana na sukari. Kwa hiyo, mtu anayedai kukutolea mdudu wa jino kwa moshi au kwa dawa ya kusukutua hajatibu kitu, na kila wiki unayopoteza kwake ni wiki ya mfupa wako kuliwa na usaha.

2. Kinachofanyika kwenye kiti cha daktari

Ukijua hatua za tiba, utayaelewa maumivu yanayofuata. Daktari hupiga picha ya eksirei ili kuona urefu wa mzizi na hali ya mfupa. Hukuchoma sindano ya ganzi. Hutoboa tundu dogo upande wa nyuma wa jino, upande wa ulimi, ili uso wa mbele usiharibike. Hutoa kiini kwa sindano nyembamba za kukwangulia, huosha mfereji kwa maji ya dawa, kisha huujaza kwa gutapecha, yaani utomvu mgumu wa mti uliochanganywa na dawa, pamoja na simiti ya kuzibia. Mwisho huziba tundu.

Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mzizi mmoja na mfereji mmoja, ndiyo maana tiba yake huwa nyepesi kuliko ya gego. Meno ya mbele ya chini ni membamba, na baadhi yake huwa na mifereji miwili. Kazi huweza kumalizika kwa siku moja. Palipo na usaha mwingi, daktari huweka dawa ndani, huziba kwa muda, na kukupangia siku ya kurudi.

Maji yanayotumika kuosha mfereji mara nyingi ni ya klorini, ya jamii moja na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ndani ya jino husafisha. Yakipenya nje ya mzizi huunguza. Kwa sababu hiyo daktari makini hufunika mdomo kwa kitambaa cha mpira kinachoacha jino moja tu wazi. Kitambaa hicho hukukinga pia usimeze kifaa. Unayo haki ya kuuliza kama kitatumika. Na ukisikia mchomo mkali wa ghafla wakati wa kuoshwa, inua mkono mara moja. Usijikaze kwa kuona haya.

3. Neva imetolewa, mbona bado linauma?

Hili ndilo swali la wengi, na jibu lake si gumu. Kweli, jino lililotolewa kiini halina tena neva ya ndani. Lakini jino halikushikamana na mfupa moja kwa moja. Limeshikiliwa na nyuzi nyembamba zenye hisia nyingi, na ncha ya mzizi imezungukwa na mfupa ulio hai. Sehemu hizo ndizo zilizokuwa na ugonjwa kabla ya tiba, na ndizo zilizoguswa na vifaa na dawa wakati wa tiba. Huvimba kidogo, kama sehemu yoyote ya mwili iliyofanyiwa kazi, na huuma zaidi jino linapogongana na jino la upande wa pili.

Maumivu haya ni ya kawaida. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban watu 40 katika kila 100 waliotibiwa mzizi walisikia maumivu ndani ya saa 24 za kwanza, na baada ya wiki moja waliosalia na maumivu walikuwa kama 11 katika 100, tena ukali wake ukiwa umeshuka sana. Kwa hiyo ukiumwa usiku wa kwanza, hujakosewa wala hujaonewa. Uko pamoja na wengi.

Zingatia pia jambo moja kwa ajili ya asubuhi za baridi za Juni na Julai. Jino lililotibiwa mzizi halipaswi kuhisi baridi wala moto. Ukivuta hewa ya baridi ukasikia mchomo mkali palepale, huenda linalouma ni jino la jirani, au upo mfereji uliosalia bila kusafishwa. Mweleze daktari hivyo hivyo. Maelezo hayo yatamwongoza.

4. Safari ya uponaji, siku hadi siku

Saa za kwanza. Ganzi hudumu katika mdomo wa juu au wa chini kwa saa mbili hadi nne hivi. Usile wala usinywe cha moto mpaka iishe, maana unaweza kuung'ata au kuuunguza mdomo bila kujua. Mtoto achungwe asiutafune mdomo wake.

Siku ya 1 hadi ya 3. Maumivu ya kupwita au ya kujaa, na jino kuonekana kama limerefuka. Ufizi huweza kuwa na kidonda kidogo palipochomwa sindano. Dawa za kawaida za maumivu hutosha kwa wengi.

Siku ya 4 hadi ya 7. Maumivu ya kukaa yenyewe huisha. Hubaki uchungu wa kugusa au kung'ata.

Wiki ya 2 na kuendelea. Jino linapaswa kutulia, ingawa wengine huhisi kwa muda kwamba si sawa kabisa na wenzake. Palipokuwa na tundu la usaha katika mfupa, mfupa hujijaza polepole kwa miezi. Ndiyo maana daktari hutaka picha nyingine ya eksirei baada ya mwaka mmoja hivi, hata kama huumwi. Picha hiyo ndiyo inayothibitisha kupona.

Katika siku hizi zote, tunakuomba ushike kanuni moja: usipime tu maumivu ni makali kiasi gani, tazama yanaelekea wapi. Maumivu yanayopungua kila siku, hata kama yalianza kwa ukali, yanaelekea kupona. Maumivu yaliyotulia kisha yakarudi kwa nguvu, au yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, yanahitaji daktari. Andika kila jioni katika simu au daftari namba moja kati ya 0 na 10. Ukifika kliniki na namba hizo, daktari atakuelewa upesi kuliko ukisema tu kwamba linauma sana.

Zaidi ya hayo, ukihisi jino lililozibwa linawahi kugonga kabla ya mengine unapofumba mdomo, rudi lisawazishwe. Kibaki kidogo cha kizibo huweza kuliweka jino katika kugongwa siku nzima, na dakika chache za kulisugua huleta nafuu ambayo vidonge havitaleta.

5. Dawa za maumivu: kipimo na tahadhari

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, dawa mbili ndizo za kuanzia.

Ibuprofeni hupunguza uvimbe pamoja na maumivu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, pamoja na chakula, na bila agizo la daktari isizidi miligramu 1,200 kwa siku. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za jamii hii, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mama mjamzito asiyeshauriwa na daktari.

Parasetamoli hupunguza maumivu na homa. Kipimo ni miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, na isizidi miligramu 4,000 katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa pombe kwa wingi, amwulize daktari kwanza.

Dawa hizi mbili zinaweza kutumika pamoja, nazo kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Lakini ibuprofeni isichanganywe na diklofenaki wala aspirini ya maumivu, kwa kuwa ni za jamii moja na huongeza madhara ya tumbo na figo pasipo kuongeza nafuu ya maana. Soma majina yaliyo kwenye pakiti: vipo vidonge vinavyouzwa kwa jina la biashara huku ndani yake mkiwa na parasetamoli na dawa nyingine pamoja. Anayemeza hivyo kisha akaongeza parasetamoli ya kawaida huzidisha kipimo bila kujua. Dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake, aspirini asipewe.

Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Huunguza nyama na kuacha kidonda cheupe. Mafuta ya karafuu yana kemikali ambayo hata madaktari huitumia katika baadhi ya dawa za kuzibia, lakini yakimwagwa kwenye ufizi huunguza vilevile, na kwenye jino lililokwisha kuzibwa hayafiki panapouma.

6. Viuavijasumu si dawa ya maumivu

Mara nyingi mtu huenda famasi au kwenye duka la dawa muhimu akaomba amoksilini au metronidazoli kwa sababu jino linauma. Tunasisitiza: dawa hizo hupambana na bakteria, hazitulizi maumivu. Baada ya tiba ya mzizi, chanzo cha bakteria kimesafishwa kwa mkono wa daktari, na maumivu yanayobaki ni ya uvimbe wa kawaida. Dawa hizo huhitajika pale ambapo uvimbe unasambaa, kuna homa, au mgonjwa ana kinga dhaifu, na hapo ni daktari anayeandika.

Kuzitumia ovyo kuna gharama mbili. Moja ni yako: kuharisha, mzio, na kwa metronidazoli, kichefuchefu kikali ukichanganya na pombe. Nyingine ni ya jamii nzima: usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Vidonge sita vya amoksilini vilivyomezwa leo bila sababu vinaweza kufanya dawa ileile ishindwe siku mtoto wako atakapopata homa ya mapafu. Muuzaji akikupa dawa hizo bila cheti na bila kukuuliza neno, hajakufanyia wema.

7. Dalili zisizongoja asubuhi

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona moja ya haya:

- uvimbe wa mdomo wa juu unaopanda kandokando ya pua kuelekea chini ya jicho, au jicho kuanza kufumba;
- uvimbe wa kidevu au wa chini ya taya, ulimi kuinuka, kumeza kwa shida au kupumua kwa shida;
- homa, kutetemeka, au kushindwa kufungua mdomo;
- vipele, kuvimba macho na midomo, au kubanwa kifua baada ya kumeza dawa.

Mpigie simu daktari wako ndani ya siku moja ikiwa maumivu yanazidi dawa, kizibo kimetoka, jino linalegea, au kimetokea kipele cha usaha kwenye ufizi. Kipele hicho kikipasuka maumivu hupungua, na wengi hudhani wamepona. Hawajapona, usaha umepata njia ya kutokea, na chanzo chake kingalipo.

Palipo na hatari ya kupumua usipoteze muda kumtafuta daktari aliyekutibu. Nenda idara ya dharura ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, au ya hospitali yoyote iliyo karibu nawe.

8. Chakula na usafi

Kwa siku chache za mwanzo kula vyakula laini: uji, mtori, loshoro, wali wenye mchuzi, ndizi zilizopondwa. Tafuna kwa meno ya nyuma. Mahindi ya kuchoma, muwa, nyama ya mfupa na embe la kuguguna viepukwe mpaka jino lizibwe kabisa. Na hata baadaye vikate kwa kisu kwanza. Jino lililopoteza sehemu kubwa ya mwili wake hukatika kirahisi, na likikatika chini ya ufizi mara nyingi haliokoleki.

Endelea kupiga mswaki mara mbili kwa siku, ukipita taratibu palipotibiwa. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja. Acha sigara na ugoro; huchelewesha kupona.

9. Kizibo cha muda hakijamaliza kazi

Hapa ndipo jino hupotea kimyakimya. Maumivu yakiisha baada ya hudhurio la kwanza, nauli ya kwenda mjini huanza kuonekana ghali, na siku ya miadi huangukia siku ya gulio au ya kupalilia. Lakini kizibo cha muda kimekusudiwa kukaa wiki chache. Baada ya hapo hulika, mate huingia, na bakteria hurudi ndani ya mfereji uliokwisha kusafishwa. Fedha uliyolipa hupotea, na tiba huanza upya ikiwa jino bado linafaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino maana yake ni kwamba aliyeshindwa kurudi kwa kizibo atarudi kwa jino la bandia.

Kwa hiyo, kabla hujaanza tiba, uliza maswali haya na uandike majibu: Nitahudhuria mara ngapi? Gharama yote hadi kizibo cha mwisho ni kiasi gani? Je, jino langu litahitaji kofia, au kizibo kitatosha? Bima yangu inalipia hatua zipi? Jino la mbele lenye tundu dogo mara nyingi hutosheka na kizibo kizuri. Lililovunjika sana huhitaji kofia. Ni heri kujua mapema kuliko kuishiwa fedha katikati.

10. Rangi ya jino katika eneo lenye floraidi

Miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru hutoa floraidi inayoyeyuka katika maji ya chemchemi, mito na visima. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa. Kiwango kilichotolewa mwaka 2018 kilishusha hadi miligramu 1.5, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake yanaumbika ndani ya ufizi, takriban hadi umri wa miaka 8, huota meno yenye mistari myeupe, madoa ya kahawia, au vijishimo. Magadi yanayotiwa katika makande nayo huongeza kiasi hicho.

Mambo matatu yanakuhusu wewe uliyetibiwa mzizi. Kwanza, tofautisha rangi. Madoa ya floraidi huwa kwenye meno mengi, na hufanana kushoto na kulia. Jino lililokufa hugeuka peke yake. Pili, gamba la nje la jino lililoathirika sana na floraidi hushika gundi ya kizibo kwa shida zaidi. Mkumbushe daktari kwamba umekulia Maji ya Chai au Ngarenanyuki, ili aliandae jino ipasavyo. Tatu, ikiwa utawekewa kofia, rangi ichaguliwe kwa kulinganisha na meno yako mwenyewe kwa mwanga wa mchana. Kofia nyeupe ya dukani kati ya meno ya kahawia itakusumbua kila utakapocheka. Piga picha ya meno yako nje, kwa simu, kabla ya tiba.

Jino lililotiwa giza na kiini kilichokufa huweza kung'arishwa kwa dawa inayowekwa ndani yake na daktari. Usisugue jino kwa majivu, mchanga, limau wala asidi ya betri. Gamba la jino likishatoka halioti tena.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi inayobaki huwa nzito zaidi. Mkaa wa mifupa huweza kuipunguza, na kituo cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji kimefanya kazi ya utafiti huo kwa miaka mingi. Wewe mtu mzima usiache dawa ya meno yenye floraidi kwa hofu ya madoa. Meno yako yamekwisha kuumbika. Mtoto mdogo atumie kiasi cha punje ya mchele, na ateme.

11. Haki zako na mahali pa kulalamikia

Tiba ya mzizi ni huduma unayoilipia, moja kwa moja au kwa bima. Unazo haki zifuatazo.

Unayo haki ya kutibiwa na mtu aliyesajiliwa. Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017. Kumwuliza daktari usajili wake si utovu wa adabu.

Unayo haki ya kuelezwa njia nyingine zilizopo, zikiwemo kung'oa jino na kusubiri, pamoja na faida na hasara za kila moja, kisha kuridhia kwa hiari yako.

Unayo haki ya risiti halali, na ya kujua dawa ulizopewa kwa majina yake. Omba pia nakala za picha za eksirei. Zitunze, daktari wa pili atakapozihitaji, zitakuokolea gharama na mionzi isiyo ya lazima.

Tatizo likitokea, anza na daktari aliyekutibu, kisha uongozi wa kituo, kwa maandishi yenye tarehe. Usiporidhika, mwone Mganga Mkuu wa halmashauri au wa mkoa. Malalamiko ya mwenendo wa kitaaluma hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Dawa inayotiliwa shaka, au iliyokuletea madhara, taarifa yake hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Beba pakiti yake. Matangazo ya uongo na ahadi za kupotosha hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Tunakukumbusha kwa haki kwamba maumivu baada ya tiba, peke yake, si uthibitisho wa uzembe. Tiba iliyofanywa vizuri nayo huweza kuuma, na mara chache huweza kushindwa. Kinacholalamikiwa ni kutoelezwa, kutopokelewa uliporudi, kutozwa kisichokubaliwa, au kutibiwa na asiye na sifa.

12. Maswali ya kujipima

Jibu maswali haya pamoja na mtu anayekaa nawe nyumbani, kwa kuwa usiku wa maumivu ndiye atakayekusaidia kuamua.

Swali la 1. Ni siku ya pili. Jino linauma ukigusa, lakini limepoa kuliko jana. Ufanye nini?
Jibu: Endelea na dawa za maumivu kwa kipimo, kula laini, na subiri. Hakuna haja ya viuavijasumu wala ya kung'oa.

Swali la 2. Ni siku ya tano. Maumivu yalikwisha, sasa yamerudi na mdomo wa juu umevimba hadi kando ya pua.
Jibu: Nenda kwa daktari leo. Jicho likianza kufumba au homa ikipanda, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Swali la 3. Huumwi kabisa, na miadi ya kizibo cha mwisho ni kesho.
Jibu: Nenda. Kutoumwa ni dalili njema, lakini tiba haijaisha.

Swali la 4. Jirani amekupa diklofenaki alizobakisha, nawe unatumia ibuprofeni.
Jibu: Usizichanganye. Ongeza parasetamoli kwa kipimo chake, na ikishindwa, mpigie daktari.

Ukurasa huu unaweza kuukata na kuubandika ukutani. Andika chini yake namba ya simu ya kliniki iliyokutibu, tarehe ya kizibo cha mwisho, na tarehe ya picha ya eksirei ya mwaka mmoja baadaye.